Chupa ya Shamte Katika Barafu ya Kamba

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kutokana na tone lisilo na uzito kiganjani, kisha akalipa sura, akili na jina. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na zitufikie na sisi tunaomfuata kwa mwendo wetu wa kuchechemea. Namshukuru aliyenijalia kustaafu nikiwa bado na macho ya kusomea na vidole vya kuandikia.

Baada ya hayo, nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi katika zahanati zetu za delta, huku ambako mgonjwa hufuata maji yakijaa na kuondoka yakikupwa. Mmesoma kuliko sisi, na nafurahi. Lakini kuna jambo moja ambalo nahofia litawapita, kwa sababu wenye nalo hawalisemi. Ni habari ya wavulana waliopona saratani wakiwa watoto, wakakua, wakaoa, halafu wakasubiri mtoto asije. Nitawasimulia kwa kupitia mmoja wao, Shamte wa Kiongoroni. Nilimwomba ruhusa. Akaniambia, "Andika, dokta. Ila usisahau kusema kwamba nilipona."

Basi naanza na hilo: alipona.

Mama yake, Bi Somoe, alimleta akiwa mtoto wa kuhesabu meno, na meno yenyewe yalikuwa yanalegea. Taya moja limevimba kama ameficha limau shavuni. Nyumbani walikwisha kudhani ni jino, wakang'oa, uvimbe ukazidi. Wakamnywesha kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani. Mimi ni mtu wa chuo, nimelelewa juu ya mkeka wa madrasa, siwezi kulidharau kombe. Nilimwambia Bi Somoe, "Kombe mpe, na dua muombee. Lakini kombe halimkatazi mtu kupanda boti." Wakapanda, wakaenda hospitali kubwa ya Dar es Salaam.

Walirudi baada ya miezi. Shavu limeshuka, mtoto anacheka, kichwani hana hata unywele.

"Dokta, wamemnyonyoa kama kuku!" Bi Somoe akalalamika kabla hata ya salamu.

"Zitaota, mama."

"Zikiota za rangi nyingine?"

Zikaota zilezile. Kila mwaka nilimpapasa shingo na taya, nikamtazama tumbo, nikamwambia aende akacheze. Wakati ule hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo. Mtoto akiopolewa mtoni, watu humshangilia anavyopumua. Hakuna anayemuuliza ataoa lini.

Sasa niiruke miaka. Nchi ilikuwa imefungua milango ya biashara. Vitu ambavyo tulikuwa tukivisikia tu vikaanza kuonekana: redio za kila ukubwa, mitumba, maduka ya dawa yasiyo ya serikali, na wachuuzi wenye chupa za "dawa ya nguvu" zenye picha ya simba. Kwetu delta mlango uliofunguka ni wa kamba, hawa wa kuliwa. Wanunuzi walikuja na boti za injini zenye masanduku ya barafu, wakachukua kamba mpaka Nyamisati, wakapakia kwenye magari. Vijana wetu wakajifunza elimu mpya: kitu chochote cha thamani kinachokwenda mbali, kiweke kwenye barafu upesi. Hata mimi nilikuwa na sanduku langu dogo la chanjo lenye barafu, na watoto walikuwa wakiniita "mnunuzi wa kamba wa serikali."

Shamte alikuwa mpangaji hodari wa barafu kuliko wote. Akawa kijana mrefu, mwenye kovu dogo tu la taya, akamwoa Mwanahawa, binti wa Mzee Mkumba, mkulima wa Mahege. Waliopendana hujulikana. Mwanahawa alikuwa na kawaida ya kumtania mumewe mbele za watu kwamba ananuka kamba, na Shamte alikuwa na kawaida ya kucheka kama ndiyo mara ya kwanza kuusikia utani huo.

Mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine. Mtoto hakuna.

Mnaijua desturi yetu. Wa kwanza kutazamwa ni mwanamke. Bi Somoe, ambaye mkono wake ulikuwa umemlisha yule kijana uji wa kijiko baada ya dripu za dawa kule Dar es Salaam, akasahau dripu zote. Akaanza kumwambia mwanawe aongeze mke. Huko Mahege Mzee Mkumba naye akapata habari kuwa binti yake anaitwa mgumba. Akapeleka ujumbe: mpunga ukishavunwa wazee watakaa kikao, na kama ndoa haina kheri, amrudishe mwanawe nyumbani angali kijana. Kila upande ulikuwa na haki yake machoni pake, na katikati walikuwa watu wawili wasiotaka kuachana.

Mwanahawa ndiye aliyekuja zahanati kwanza. Akaketi, akakunja kanga yake magotini.

"Dokta, nimekunywa mizizi mpaka mdomo umekuwa mchungu. Nichunguze, unipe jibu moja tu. Kama ni mimi, nitajua namna ya kusema na mama mkwe."

Nikamuuliza niliyopaswa kumuuliza, nikapima nilivyoweza. Sikuona kasoro. Nikamwambia, "Mwanangu, nyumba ina watu wawili. Mlete na mwenzio."

Hapa niwape ujuzi ambao hamtaupata darasani. Ukuta wa zahanati yangu ulikuwa wa mbao, na nyuma ya mbao lilikuwa benchi la akina mama wenye masikio mazima. Kijana ukimuuliza habari za unyumba hapo, hajibu, au anajibu uongo. Nilikuwa nampeleka stoo ya dawa, nafunga mlango, nafungulia redio taarabu. Akina mama wakisikia taarabu wanajua dokta anahesabu vidonge. Jambo la pili: usianze na swali la aibu. Anza na lile analoweza kulijibu kwa fahari. Kwa Shamte nilianza na barafu.

Tulipofika penyewe akainamisha uso. "Dokta, kazi nafanya. Nguvu ninazo. Ila kwa tahadhari nimenunua na ile ya simba."

"Imekusaidia?"

"Imenipa kiungulia."

Nikamwambia maneno niliyofundishwa na mwalimu wangu, Bwana Msengi, mtaalamu wa maabara pale Kibiti. Huyu alikuwa Mkristo wa kutoka bara, Mnyiramba, aliyekuja kwa uhamisho akakaa mpaka akawa anakula uduvi kuliko sisi. Ndiye aliyenifundisha kusoma kioo cha malaria kwa darubini inayopata mwanga wa jua dirishani. Alikuwa akisema: "Nguvu ni mlango, mbegu ni mgeni. Mlango waweza kufunguka vizuri kabisa na mgeni asiwepo." Yaandikeni hayo ukutani. Wanaume wengi wamemaliza akiba zao kutengeneza mlango usioharibika.

Nikampima. Ndevu zipo, sauti ipo, mwili wa mtu mzima. Korodani zilikuwa ndogo kidogo na laini kuliko nilivyotazamia kwa mwili ule. Ndipo nikakumbuka semina moja mjini, ambapo daktari mmoja alitueleza kwamba zile dawa kali zinazoua uvimbe unaokua haraka zinaweza pia kuijeruhi ghala ya mbegu ya mtoto wa kiume, hata kama hajabalehe. Wengine hupona kabisa, wengine hubaki na kidogo, wengine hawabaki na kitu. Kwa macho hujui. Ni kupima.

Nikamweleza Shamte pole pole. Akapapasa kovu la taya.

"Kumbe waliniokoa shavu wakachukua na huku?"

"Walikuokoa roho, Shamte. Huku hatujui bado. Na kama kimepotea kitu, si kosa lako, si la mama yako, wala si la mkeo."

"Mwanahawa atajua?"

"Utamwambia wewe. Akiambiwa na mwingine, itakuwa habari. Ukimwambia wewe, itakuwa siri ya nyumba."

Akamwambia jioni ileile. Kesho yake Mwanahawa akapita zahanati na ndoo kichwani, hakusimama, akasema tu, "Dokta, ahsante. Mizizi nimemwaga."

Nikampa Shamte chupa safi ya kuwekea mbegu, nikamwelekeza: nendeni Kibiti wote wawili, fikieni kwa dada yangu, nyumba yake haiko mbali na maabara, chupa ifike kwa Bwana Msengi mapema, isizidi saa nzima tangu mbegu itolewe. Akaitikia. Lakini ilikuwa bamvua, maji makuu ya mwezi, kamba wamejaa, na bosi wake hakumpa ruhusa ya kulala nje. Kijana akafikiri kwa akili yake. Kitu cha thamani, kinachokwenda mbali, kisiharibike njiani. Nani delta nzima asiyejua la kufanya?

Siku chache baadaye dereva wa boti akaniletea salamu za Msengi: mbegu zipo, ila hakuna hata moja inayotembea. Salamu hizohizo zilifika Mahege zikiwa zimebadilika njiani, kama salamu zote. Huko zilifika hivi: "Zimekufa zote." Mzee Mkumba akasema hangoji tena mpunga. Anakuja kumchukua binti yake.

Sikuelewa. Mbegu zipo, zote zimelala? Nikashuka bandarini kumtafuta Shamte nimpe pole, nikamkuta kazini. Kapu la kamba lilikuwa limefika hapo hapo, nao wanaruka, wanapiga mikia, wengine wanatoka nje. Shamte akawamwaga juu ya barafu, akawafunika na barafu nyingine. Wakatulia. Haukutikisika hata usharubu.

"Wamekufa?" nikamuuliza.

"Hapana, dokta. Baridi imewashika. Hivi ndivyo inavyotakiwa."

Nikamtazama. Nikalitazama sanduku.

"Shamte. Ile chupa uliipeleka vipi?"

Uso wake ukang'aa kwa fahari ya fundi. "Dokta, niliitunza! Niliiweka chini kabisa, penye barafu nzuri. Ikapanda gari la kamba mpaka Kibiti, hata bosi hajui."

Wallahi sikujua nicheke au nilie. Nikakaa juu ya ukingo wa sanduku nikacheka mpaka Shamte akadhani nimepatwa na homa. Nilipomweleza kwamba mbegu ya mtu hutaka joto la mwili, siyo baridi ya kamba, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo nimewaua mwenyewe?"

"Hao ndiyo. Lakini uliyewapata hao unaweza kupata wengine. Msengi amesema wapo. Shika neno hilo."

Nikamwandama bosi wake mwenyewe, nikampata, nikamwomba ruhusa kwa heshima na kwa ukaidi wa mtu mzima. Tukapanda boti watatu, mimi, Shamte na Mwanahawa. Kisha Mwanahawa akamwambia mumewe, "Wewe, hata mimi usije ukanilaza kwenye barafu siku moja kwa kunipenda." Hapo ndipo wote tulipopumua.

Tukalala Kibiti kwa dada yangu, nikawapa nafasi na siku zao za kutokutana kimwili, kama kipimo kinavyotaka. Asubuhi ya kupima niliwaambia: chupa ifungwe vizuri, ikae kiunoni chini ya shati, igusane na ngozi, isipigwe jua, isiguse maji wala sabuni. Shamte akaja ameikumbatia kwa mkono juu ya shati kama mwenye kuumwa tumbo. Njiani watu wakimwuliza hali anajibu, "Salama tu," bila kusimama.

Na kwenye benchi la nje ya maabara nani ameketi? Mzee Mkumba, kofia kichwani, fimbo mkononi. Alikuwa amekuja Kibiti kutafuta usafiri wa kwenda kumchukua mwanawe, akasikia wapo hapa.

"Shikamoo, baba," Mwanahawa akasema.

"Marahaba. Kusanya vitu vyako, twende nyumbani."

"Nitakuja kukusalimu, baba. Kuja kukaa, sitakuja."

"Hata kama huyu hatapata mtoto duniani?"

"Baba, siku ya posa uliponiuliza kama nimeridhika, ulinionyesha mtu. Hukunionyesha watoto. Niliridhika na mtu."

Mzee akanigeukia mimi, kwa kuwa mwanawe hakumpa pa kushika. "Dokta, wewe mtu wa dini. Unamfundisha mwanangu hivi?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, sikumfundisha. Lakini nakuomba ungoje huyu Mnyiramba asome kioo chake. Kipimo cha kwanza kiliharibika njiani. Dini yetu haihukumu kwa shahidi aliyegandishwa."

Akaketi, si kwa kuridhika, kwa udadisi. Nami nikaketi naye. Wakati ule nilikuwa nikivuta tasbihi kimyakimya, na nilichoomba si mtoto. Niliomba watu hawa wasitenganishwe na jibu lolote litakalotoka.

Msengi akafungua mlango. Alikuwa mtu wa kuchelewesha neno tamu, Mungu amrehemu.

"Ninyi watu wa delta mnadhani kila kitu ni kamba," akaanza.

"Sema, bwana!" nikamkatiza.

"Wapo. Wachache kuliko kawaida, siwafichi. Lakini wanatembea." Kisha akamgeukia mzee kwa adabu. "Mzee, kama una shaka, darubini iko wazi. Karibu utazame kwa macho yako."

Mzee Mkumba akaruka kutoka kwenye benchi kama aliyeketi juu ya siafu. Akageuza uso ukutani.

"Astaghfirullah! Mkwe wangu huyo! Hatazamwi huko. Nimeamini kwa masikio!"

Alisema hayo uso ukiwa ukutani. Msengi akarudi ndani kucheka. Mwanahawa akajifunika kanga mdomoni, mabega yanatikisika. Mzee alipogeuka, naye midomo ilikuwa imemshinda. Akamwambia Shamte, bila kumtazama, "Na wewe kaa mbali na barafu." Hayo yakawa ndiyo kikao.

Nikawaambia ukweli wote pale pale: wachache si sawa na wengi. Anaweza kuja mtoto, anaweza asije, na asipokuja hakuna wa kulaumiwa. Niliporudi delta, nikamweleza Bi Somoe vilevile. Alilia. Akasema, "Kumbe nilikuwa nikimtukana mtoto wa watu kwa kosa la dawa ambayo mimi mwenyewe nilimpeleka mwanangu akapewe." Nikamjibu kwamba dawa ile ndiyo iliyomfanya awe na mwana wa kumtafutia mke.

Sitaki mdhani kila hadithi huenda hivi. Nilikuwa na kijana mwingine, wa upande wa Mohoro, aliyepona ugonjwa kama huo. Kwake Msengi alitazama leo, akatazama tena baada ya miezi, hakuona kitu. Yeye na mkewe walilea mtoto wa dada yake, na leo huyo mtoto ndiye anayemsomea barua na kumnunulia miwani. Huyo naye nilimtunza kwa kumwambia kweli mapema, na kwa kuendelea kumwita kila mwaka, kwa maana korodani iliyojeruhiwa yaweza baadaye kupunguza hata ile homoni ya kiume inayompa mtu nguvu na mifupa. Kazi yetu haiishi kwenye mtoto.

Siku hizi nasikia mvulana aliyekwisha balehe, kabla hajapewa dawa kali, mbegu zake zaweza kuhifadhiwa katika baridi kubwa kuliko barafu yote ya Nyamisati, na wataalamu wenye dawa ya kuzikinga. Nilipomwambia Shamte akasema, "Nilitangulia tu, dokta. Wazo lilikuwa zuri." Basi ulizeni kama huduma hiyo ipo mnakompeleka mgonjwa wenu, muulize mapema, kabla ya dripu ya kwanza. Na kama ni mtoto mdogo kama alivyokuwa Shamte, mwambieni mama, na mtoto akikua mwambieni mwenyewe, kabla ya posa, faraghani, redio ikiimba.

Sasa niwamalizie. Watu walikwisha choka kuuliza. Bi Somoe alikwisha anza kumwita Mwanahawa mwanangu bila kujilazimisha. Mwanahawa akaja zahanati asubuhi moja, safari hii akaitua ndoo, na hakuhitaji kusema.

Mtoto alizaliwa wa kike. Siku ya chanjo walimleta wote, na Mzee Mkumba alikuwa amevuka maji kutoka Mahege kwa ajili hiyo, yeye aliyeogopa boti maisha yake yote. Alikuwa amempakata mjukuu mwenyewe, hampi mtu. Nikatayarisha sindano, nikavuta sanduku langu la chanjo, nikafungua kifuniko. Moshi wa baridi ukapanda.

Mzee akavua kofia yake, akamfunika nayo mtoto usoni, akasogea nyuma hatua ndefu.

"Dokta," akasema, na hakuwa anatania hata kidogo, "hilo sanduku liweke mbali na mjukuu wangu."

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi wenye stara. Akupe subira mbele ya anayeona haya, na ukweli mbele ya anayeogopa. Kila utakayemtibu amponye, na kila atakayepona amjalie mtu wa kumwita kwa upendo, awe amemzaa au amemlea. Na nyumba yako isikose sauti ya mtoto, wa kwako au wa jirani. Amin.